Mtoto Anataka Udaktari Marekani: Anzeni na Bei, Jina la Chuo Baadaye

Ikifika Aprili, simu za Waswahili wa huku Texas huwa na swali moja: "Amepata wapi?" Mei 1 ndiyo siku ambayo vyuo vingi vya Marekani hutaka jibu na amana, kwa hiyo nyumba yenye mtoto wa kidato cha mwisho haikaliki. Mtoto akiwa ametangaza kwamba anataka kuwa daktari, ndugu wote wanageuka baraza la mitihani. Baba anataka chuo chenye jina. Mama anataka cha karibu, aende na kurudi na chakula cha nyumbani. Mjomba wa Maryland ameshatuma kwenye WhatsApp orodha ya vyuo bora na maneno "angalieni namba tatu hapo."

Mimi niko upande wa mama, ingawa si kwa sababu ya chakula. Kwa mtoto anayeelekea udaktari, chuo cha shahada ya kwanza kichaguliwe kwa mambo mawili: kitamwacha na deni kiasi gani, na kitampa nafasi gani ya kupata alama za juu akiwa na watu wa kumshika mkono. Jina lije nyuma ya hayo.

Wazazi wetu wengi wanakwama hapa kwa sababu nyumbani mambo ni tofauti. Tanzania ukimaliza kidato cha sita na PCB yako (fizikia, kemia na biolojia) safi, unaomba Muhimbili, KCMC au Bugando, na ukikubaliwa umeshaingia kwenye udaktari: miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo kazini. Kenya ni hivyo hivyo, miaka sita ya MBChB, shahada yao ya udaktari, kwa anayetoka moja kwa moja sekondari. Kule ukichagua chuo umechagua kazi, na jina la chuo hicho litakaa kwenye cheti chako cha udaktari. Marekani mtoto anasoma kwanza shahada ya miaka minne, ya chochote, halafu anaomba upya chuo cha tiba cha miaka mingine minne. Baada ya hapo kuna miaka mitatu au zaidi ya mafunzo ya ubingwa. Mgonjwa hatauliza ulisoma wapi biolojia ya mwaka wa kwanza.

Wanaouliza ni vyuo vya tiba, na wao wana vipimo vyao. Kila mwaka watu zaidi ya 50,000 huomba vyuo vinavyotoa shahada ya udaktari ya MD, na wanaoingia ni kama 23,000. Wastani wa GPA (alama ya jumla ya masomo ya chuo) ya wanaoingia unakaribia 3.8 kati ya 4.0. Kwenye MCAT, mtihani wa kuombea vyuo vya tiba, ambao alama zake huanzia 472 na kuishia 528, wastani wao ni karibu 512. Kisha zinatazamwa barua za maprofesa, saa alizotumia mwombaji hospitalini na kwenye kazi za kujitolea, utafiti kama upo, na usaili. Jina la chuo alikotoka lina uzito wake, sikatai. Lakini GPA ya 3.3 kutoka chuo maarufu haigeuki 3.8 kwa sababu ya nembo iliyo juu ya karatasi.

Hiyo GPA yenyewe ni mtego ambao wazazi wengi hawaujui. Mfumo wa maombi wa AMCAS, unaotumiwa na vyuo vingi vya MD, huhesabu upya kila alama ya chuo ambayo mtoto amewahi kupata. Kila alama. Darasa lililorudiwa huhesabiwa mara zote mbili. Hata yale masomo ya chuo ambayo watoto wetu huyachukua wakiwa sekondari yanaingia. Hapa Texas shule huyasukuma sana, na mzazi hufurahi kwa kuwa ni ya bure au karibu na bure. Kijana wa miaka kumi na sita aliyepata C ya hesabu za chuo kwa kuwa alikuwa anawaza mpira ataikuta ile C inamsubiri akiomba udaktari. Sisemi wasiyachukue. Wachukue wakijua.

Sasa niseme kuhusu namba ambayo vyuo hupenda kuitaja siku za kutembelea kampasi: "Asilimia tisini ya wanafunzi wetu wanaoomba vyuo vya tiba hukubaliwa." Mzazi akisikia hivyo anatoa kadi ya benki. Ngojeni kidogo. Neno zito pale ni "wanaoomba." Mwaka wa kwanza darasa la kemia linaweza kuwa na mamia ya vijana wanaotaka udaktari. Wakifika kemia ya oganiki nusu wameshageukia uchumi au kompyuta. Waliobaki wakifika mwaka wa tatu, baadhi ya vyuo huwa na kamati inayoamua nani aandikiwe barua ya pamoja ya chuo, na mwenye alama dhaifu anaambiwa kwa upole asubiri au asiombe. Wanaoruhusiwa kuomba ni wale ambao wangekubaliwa hata wakitoka kwingine. Asilimia tisini hapo haishangazi.

Kwa hiyo muulizeni mshauri swali hili, tena mbele ya mtoto: kati ya wanafunzi mia waliofika hapa mwaka wa kwanza wakitaka udaktari, wangapi waliingia chuo cha tiba? Akianza kuzungumzia jengo jipya la sayansi, mmepata jibu. Ulizeni pia kama kamati inaweza kukataa kumwandikia mtoto barua. Ulizeni darasa la kemia ya mwaka wa kwanza lina watu wangapi, na kama alama hugawanywa kwa mkunjo, kwamba A ni za wachache tu hata kama wote wamefanya vizuri.

Chuo kinacholea waombaji kwa kweli kinajulikana, na mara nyingi si kile cha kwenye orodha ya mjomba. Xavier University of Louisiana, pale New Orleans, ni chuo kidogo cha Kikatoliki kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi. Kina wanafunzi wachache kuliko baadhi ya sekondari zetu za Dallas zikiwekwa mbili pamoja, lakini kwa miaka mingi kimekuwa mstari wa mbele nchini kwa idadi ya wahitimu weusi wanaoendelea hadi kuwa madaktari. Hakikupata sifa hiyo kwa kuchuja watoto. Tangu miaka ya 1970 walimu wa kemia pale, akiwemo J. W. Carmichael aliyekuwa pia mshauri wa wanaotaka udaktari, walipanga masomo kwa hatua, mazoezi kila wiki, vikundi vya kusoma pamoja, na mtu wa kumfuata mwanafunzi kabla hajazama. Huyo mjomba wa Maryland naye ana UMBC (University of Maryland, Baltimore County) karibu na kwake, chuo cha umma chenye programu ya Meyerhoff iliyoanza 1988. Lengo lake hasa ni watafiti, lakini imetoa pia madaktari wengi wenye shahada mbili, ya udaktari na ya uzamivu. Kizzmekia Corbett, mwanasayansi aliyeshiriki kutengeneza chanjo ya Moderna ya Uviko-19, alipitia hapo.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo hesabu imebadilika na watu wengi bado wanatembea na ushauri wa zamani. Mhitimu wa udaktari mwenye mkopo Marekani huwa na deni la dola 200,000 hivi. Zamani tulikuwa tukiambiana, "usijali, serikali itakopesha yote, utalipa ukiwa daktari." Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imefunga mlango huo. Kuanzia Julai 1, 2026 mkopo wa Grad PLUS, uliokuwa ukiziba pengo lote la gharama, haupo tena kwa wakopaji wapya. Mwanafunzi wa udaktari anaweza kukopa serikalini dola 50,000 kwa mwaka, zisizozidi 200,000 kwa jumla. Juu ya hapo kuna kikomo cha maisha cha dola 257,500 kwa mikopo yote ya serikali, ya shahada ya kwanza ikiwemo. Mikopo ya wazazi nayo imewekewa mpaka: dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto.

Maana yake ni kwamba gharama ya chuo cha tiba ikizidi kikomo, kinachobaki ni benki binafsi, na benki binafsi inataka mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo. Mdhamini huyo ni wewe, unayefanya zamu mbili kwenye nyumba ya wazee. Ukiwa umeshachomwa na deni la chuo cha kwanza chenye jina, utamdhamini kwa kipi?

Wa Texas tuna bahati ambayo hatuitumii. Vyuo vya tiba vya umma hapa vimebanwa na sheria: angalau asilimia tisini ya nafasi ni za wakazi wa jimbo. Maombi hupitia mfumo mmoja wa TMDSAS, unalipa ada moja hata ukiomba vyuo vyote vilivyomo, na karo kwa mkazi ni ndogo ukilinganisha na majimbo mengi. Halafu kuna JAMP, programu iliyoundwa na bunge la jimbo mwaka 2001 kwa vijana wa familia zenye kipato cha chini. Inampa mwanafunzi ufadhili, mafunzo ya kiangazi kwenye vyuo vya tiba, maandalizi ya MCAT, na akitimiza masharti, nafasi ya uhakika katika chuo cha tiba cha Texas. Ili aipate lazima awe anasoma chuo cha hapa hapa jimboni. Nimeona familia zikilipa karo ya wageni katika jimbo jingine, mara mbili au tatu ya karo ya wakazi, huku zikiiacha hii nyuma bila kuijua.

Jina lina siku yake pia. Kama chuo tajiri kimemkubali mtoto na kinalipa, mpelekeni bila kikao. Rice hapa Houston ilianza 2019 kusamehe karo yote kwa familia za kipato cha kati, na zenye kipato cha chini zaidi hulipiwa hadi malazi na chakula. Harvard, Princeton na Yale nazo hutoa msaada mkubwa kwa kuangalia kipato cha nyumbani. Kwa familia nyingi za kwetu, chuo cha namna hiyo kinaweza kuwa cha bei rahisi kuliko cha umma. Barua ya msaada wa fedha isomwe mstari kwa mstari, mkitenganisha msaada na mkopo, kwa kuwa vyuo hupenda kuviweka kwenye jedwali moja.

Kuhusu nini cha kusoma, sitakawia. Vyuo vya tiba havitaki shahada ya biolojia, vinataka masomo fulani: biolojia, kemia, kemia ya oganiki, fizikia, biokemia, na tangu MCAT ya 2015 saikolojia na sosholojia zina sehemu yake. Waliosoma historia au falsafa na kuongeza masomo hayo hukubaliwa kwa kiwango kisichopungua cha wenzao wa biolojia. Ila wale wanaosema "asome unesi kwanza, udaktari baadaye" waangalie: kemia ya wanaosomea unesi mara nyingi haikubaliki kama kemia ya udaktari, na mtoto hujikuta anaanza upya.

Yote haya niliyosema yanamhusu mtoto mwenye uraia au grinikadi. Aliyeko Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1, asome shahada ya kwanza huku, kisha awe daktari huku huku, ana habari nyingine kabisa. Vyuo vingi vya tiba vya umma havimpokei. Mkopo wa serikali hapati. Baadhi ya vyuo vinavyompokea humtaka aonyeshe, au hata aweke kwenye akaunti maalumu, karo ya miaka yote minne kabla ya kuanza. Kati ya wanaoingia MD kila mwaka, wageni wa namna yake hawafiki wawili kwa kila mia. Mawakala wanaowauzia wazazi vyuo vya Marekani kwenye maonyesho ya hoteli hawalisemi hili. Kwa kijana huyo, njia fupi na ya bei nafuu ni kusomea udaktari nyumbani, halafu akitaka Marekani afanye mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari ya Marekani, na kuomba mafunzo ya ubingwa kupitia ECFMG, shirika linalothibitisha madaktari waliosoma nje, kama wanavyofanya maelfu ya madaktari wa kigeni kila mwaka. Na kama bado anaitaka njia ya huku, basi kabla ya kulipa amana yoyote aandikie vyuo vitano vya tiba swali moja tu: mnapokea mwenye F-1, na mnataka nini kutoka kwake?