Si woga wa simu, ni vidole
Mwandishi wa makala moja anasema wazee wa Makete na Mufindi, wilaya za baridi kusini mwa Tanzania, wanakosa mbolea ya ruzuku kwa kuwa wanaogopa teknolojia. Woga gani, wakati mzee huyohuyo anatuma hela kwa kitochi bila kusaidiwa? Shida inaanzia kwenye kusajili laini: kidole gumba kilichoshika jembe miaka arobaini kimelika, mistari imefutika, na baridi ya Juni na Julai inakipasua, mashine ya alama za vidole itasoma nini? Wakala akishindwa mara mbili anasema "njoo kesho", basi laini inasajiliwa kwa jina la mjukuu. Mjukuu akienda nayo mjini, ujumbe wa namba ya mkulima, ile ya kuchukulia mbolea ya ruzuku, unamfuata hukohuko. Na dawa ni ya dakika tano: osha mikono kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha, paka mafuta kidogo kisha yafute yasiteleze, futa pia kioo cha mashine, halafu jaribu kidole cha shahada au vya mkono wa kushoto, havichakai kama gumba cha kulia. Meseji za zamani nazo zifutwe, kitochi kikijaa hakipokei mpya. Huko Rungwe na Ludewa mawakala wanajaribu vidole vingine, au wanang'ang'ania gumba tu?