Mlima Hausomi Simu Yako

Ijumaa usiku, kila mtu akiwa ameshafunga begi, jamaa mmoja akatupia picha kwenye kundi letu la WhatsApp: wingu jeusi, kamshale ka radi, Morogoro, Jumamosi, asilimia 60. Hakuandika hata neno. Kabla hujamaliza kikombe cha chai, safari ya kupanda Bondwa, kilele cha milima ya Uluguru juu ya mji wa Morogoro, ilikuwa imeshazikwa. "Usalama kwanza jamani." "Tutapanga tena kiangazi." Watu wazima, wenye viatu vya laki mbili na nusu ambavyo havijawahi kukanyaga tope, wamefukuzwa mlimani na kikatuni.

Nimekasirika, na sitajificha.

Hiyo asilimia 60 kwanza. Haisemi kwamba mvua itanyesha asilimia 60 ya siku, wala kwamba itakuwa kubwa. Inasema uwezekano wa kunyesha, basi. Matone ya robo saa yakidondoka saa kumi jioni, wakati nyie mmeshashuka mnakunywa soda, utabiri umetimia na wala hamjalowa. Na vuli kule milimani mara nyingi huwa na tabia hiyo: asubuhi kweupe, jua linachemsha ardhi, mawingu yanajijenga mchana, jioni yanamwaga. Ndiyo maana wanaojua huanza kupanda alfajiri. Sisi tulikuwa tumepanga kuanza saa tatu asubuhi, lakini hilo halikumsumbua mtu.

Halafu hiyo "Morogoro" ya kwenye simu ni ipi? Programu nyingi za hali ya hewa hutegemea hesabu za kompyuta zinazoigawa dunia nzima kwa miraba. Ile ya Ulaya inayosifiwa sana, mraba wake una upana wa kilomita kama 9. Ya Marekani, kama 13. Sasa simama mjini utazame juu. Mji uko mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, Bondwa imepita mita 2,000, na kutoka hapa hadi pale kwa mstari ulionyooka hata kilomita 15 hazifiki. Kwa hiyo mji, mashamba ya migomba, msitu na kilele vinabanwa kwenye mraba mmoja au miwili, vinasawazishwa, unapewa jibu moja. Mlima ulioko ndani ya simu yako umelainishwa mpaka ukawa kichuguu. Joto lenyewe hupungua nyuzi kama 6 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo unayetoka jasho stendi utakuta juu kuna ubaridi wa nyuzi kumi pungufu, na hapo sijataja upepo. Nani aliyeangalia hilo? Hakuna. Wote tuliangalia radi ya njano.

Tena Uluguru si mlima wa kukisia ukiwa umelala kitandani. Hewa yenye unyevu inatoka Bahari ya Hindi, inapita tambarare ya pwani bila kikwazo cha maana, inakuja kugonga safu hii. Haina pa kwenda ila juu. Ikipanda inapoa, ikipoa inakuwa wingu. Ndiyo maana upande wa mashariki, Kinole na Matombo, unaweza kuwa unalowa chapachapa huku Mgeta, upande wa magharibi, watu wanaanika nguo. Maji hayo ndiyo Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywewa Dar es Salaam. Yaani ndugu zangu wa Dar walioahirisha safari kwa kuogopa mvua ya Uluguru waliamka Jumamosi wakaioga bafuni.

Sawa, nakubali, kuna mvua ya kukaa nyumbani. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, mimi mwenyewe sitoki, na simcheki asiyetoka. Tuliona Hanang Desemba 2023, tope na mawe viliposhuka Katesh na kuondoka na makumi ya watu. Lile si jambo la mzaha na silitii kwenye mzaha wangu. Lakini tahadhari ile hutolewa na watu waliosomea, wanataja maeneo na siku. Kikatuni hakikutaja kitu.

Radi nayo naiheshimu. Ukiona mwanga, hesabu: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, shuka kutoka kwenye mgongo wa mlima, na usikimbilie chini ya ile minara ya mawasiliano pale juu.

Vuli iliyopita, tukiwa njia ya Morningside, mvua ilitukuta tukashika nguo za mvua kila mtu anavuta zipu, wengine wanavalisha mabegi yao plastiki kama wanavisha watoto. Akatokea bibi mmoja anashuka, tenga la karoti kichwani, kandambili miguuni zimefungwa kamba ya katani kwenye kifundo. Kamba ile niliiangalia sana. Ilizungushwa mara mbili chini ya unyayo, fundo likakaa pembeni lisimuumize. Kwenye udongo ule mwekundu unaoteleza kama mlenda alikuwa anashika ardhi kuliko sisi sote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mbona mmesimama?"

"Tunasubiri mvua ipite."

Akatazama juu upande wa msitu, si mbinguni, msituni. "Hii haina maji. Pandeni tu. Ile ya jioni ndiyo msiingojee huko." Akapita. Nusu saa baadaye jua. Saa kumi kasoro, tukiwa tumeshafika chini, ikamwagika ya kutosha.

Sisemi kila bibi ni kituo cha utabiri. Nasema alitazama mlima aliokuwa amesimama juu yake.

Na huo uzuri mnaousubiri kiangazi, mnaujua? Mwezi wa tisa unafika juu unakuta vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, unapiga picha ya ukungu wa kahawia. Baada ya mvua ya vuli hewa imeoshwa: unaliona bwawa la Mindu linang'aa, unaona barabara inavyokata kuelekea Dodoma, unaona hata kivuli cha wingu kikitembea juu ya mji. Dakika tano baadaye huoni kiatu chako. Kisha panafunguka tena. Mimi hicho ndicho ninachokilipia nauli.

Basi, tunapanda wiki ijayo. Suruali za jinzi ziachwe nyumbani, zikilowa zinakuwa jiwe na baridi inaingia mifupani. Saa ya kugeuza kurudi iwe saa sita mchana, tumefika tusifike. Nauli ya basi iliyokwisha lipwa naomba irudishwe au ihamie wiki ijayo, mweka hazina unanisikia. Anayekuja tuonane stendi saa kumi na moja alfajiri.