Data zetu serikalini: mbona hatuambiwi nani kazifungua?

Wanaotetea huduma za serikali mtandaoni wana hoja ya kweli kabisa. Kwenye makaratasi kila ofisi inataka kopi ya kitambulisho, kopi ya cheti cha kuzaliwa na picha mbili, halafu mafaili yanarundikwa juu ya kabati yeyote anayepita anasoma. Kwa hiyo anayesema makaratasi yalikuwa salama zaidi, hapo simuungi mkono.

Ila mwizi wa faili anaondoka na faili. Mfumo ukidukuliwa zinaondoka zote kwa mpigo. Marekani mwaka 2015 ilitangaza kwamba wadukuzi wamechukua taarifa za watu milioni 21.5 kwenye ofisi inayosimamia watumishi wa serikali kuu, na humo kulikuwa na alama za vidole za watu kama milioni 5.6. Paswedi ikivuja unabadilisha, sasa kidole utabadilishaje?

Wengine wanasema basi kila wizara ikae na data zake. Estonia ndo wanavyofanya, tangu 2001 wana X-Road, yaani mfumo wa kuunganisha taasisi mtandaoni, data zinabaki kwenye taasisi mbalimbali zinaombana tu inapohitajika, na mwananchi akiingia kwenye akaunti yake anaweza kuona taasisi gani imetazama taarifa zake na lini. Si kwamba hawakosei, 2017 chipu za vitambulisho kama 750,000 zilikutwa na udhaifu, lakini walitangaza wakarekebisha.

Hiyo ya kuona nani katazama ndo naililia mimi, maana tunaogopa sana wadukuzi wa mbali wakati mtu wa ndani hana haja ya kudukua chochote. Chukulia wafanyakazi wanne wanatumia akaunti moja, paswedi imebandikwa kwenye skrini, mmoja anatafuta anwani ya mtu waliyegombana naye, anaipata kwa dakika moja, na mfumo unaandika tu kwamba ofisi imefungua. Hapo sheria hata iwe kali vipi utamshtaki nani?

Kuna wanaosema ukimwonyesha kila mtu nani kamtazama unaharibu upelelezi wa polisi. Ni kweli, mhalifu atashtuka akakimbia. Lakini hilo linatatulika, polisi waombe kibali cha mahakama kuficha rekodi hiyo kwa muda maalumu, kwa mtu huyo tu, muda ukiisha naye aione. Na asiye na simujanja aulize kaunta aprintiwe, bure.