Kidonge cha jioni ndicho kinachosahaulika

Makala niliyoisoma imewasifu wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaofuatilia wagonjwa wa kifua kikuu wenye VVU majumbani. Sawa, ila haikugusia dawa zenyewe. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya dolutegravir, dawa ya VVU, kwa hiyo mtu mzima anayetumia TLD (kidonge chenye dawa tatu za VVU, dolutegravir ikiwemo) kimoja kwa siku huongezewa dolutegravir ya miligramu 50, saa 12 baadaye, mpaka wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini. Mgonjwa aliyezoea kimoja hukiacha hicho cha jioni bila hata kujua kina kazi gani. Mhudumu asiulize tu "umemeza?", ahesabu vidonge vya makopo yote mawili.

Mkojo wa rangi ya chungwa usimtishe mtu, ni rifampisini. Macho ya njano au kutapika mfululizo, kituoni siku hiyohiyo. Ganzi ya nyayo mara nyingi ni isoniazidi, dawa nyingine ya kifua kikuu. Aulizwe kama anapata vitamini B6. Kikohozi kikiisha mwezi wa pili wengi huacha dawa, na bado miezi minne.

Halafu hizo fulana za mradi wanazovaa wahudumu, jamani! Wapangaji wenzake mgonjwa wakishazisoma, mlango haufunguliwi tena.