Siri ya Mwenzako Isifike Barazani

Mwaka wa sita huu nipo Ohio, na kazi yangu ni kukaa na watu wanaoacha unga. Udaktari sijasomea. Nimeajiriwa kwa sababu na mimi niliwahi kuwa teja, nikavutia Jang'ombe, nikapata nafuu huko huko Unguja kabla sijasafiri. Huku kazi hii inatambulika: mwaka 2007 serikali kuu ya Marekani iliyaeleza majimbo kuwa yanaweza kuilipia kupitia Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo.

Jamaa wa nyumbani huniuliza kipi tukichukue kutoka huku. Nawajibu: siri, na namna ya kuilinda.

Mtoto wa ami yangu aliingia soba hausi moja ya kwetu, nyumba wanamokaa pamoja watu wanaoacha unga. Akamfungukia kijana aliyekuwa akimsimamia, naye kapata nafuu kama sisi, akamwambia mpaka habari ya mikufu ya mama yake aliyoiuza kwa kete. Wiki mbili hazikutimia. Ijumaa, watu wanatoka msikitini, jirani akamuuliza ami: "Ile mikufu mliipata?" Ami hakuwa na habari. Mkewe alimwambia siku zote kwamba mwizi kaingia dirishani. Magharibi ile binamu yangu akatoka na nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki, akarudi maskani.

Aliyesema namjua, na hana roho mbaya. Alikuwa akimsifia mwenzake barazani, watu waone mtu alikotoka. Lakini alikuwa analala nyumba moja na watu ishirini, usiku na mchana anasikiliza mashaka yao, siku ya kupumzika hana, wala mtu wa kumuuliza yeye kaamkaje. Mzigo ule angeutua wapi? Mimi kila wiki nakaa saa nzima na msimamizi wangu. Nautua pale, bila ya kutaja jina inapowezekana, nikitoka mlangoni nimenyamaza. Kwetu tunamwambia kijana "tunza siri", halafu tunamwacha peke yake nayo.

Na siri yenyewe lazima ielezwe mapema. Mtu akija kwangu siku ya kwanza, kabla hajafungua mdomo namwambia: utakayonieleza ni yako, ila ukitaka kujidhuru, au kumdhuru mtu, au pana mtoto anaumizwa, hapo nitasema. Achague mwenyewe aseme nini. Mafaili ya tiba ya uraibu yana sheria yake hapa. Hata polisi hapewi hivi hivi, mpaka mwenyewe aridhie au mahakama iamuru.

Hiari nayo ni hivyo hivyo. Kijana aliyedanganywa kuwa anapelekwa Darajani akajikuta ndani ya geti la soba, msimamizi wake ana kazi ya kuomba radhi kabla ya kazi nyengine yoyote.

Lakini msidhani huku kumekamilika. Kuna mzee mmoja ninayemsaidia, alipotimiza siku 90 alipewa kile kishikio cha funguo chekundu wanachogawa Narcotics Anonymous, chama cha walioacha unga wanaokutana kusaidiana. Akanionesha kwenye maegesho ya magari, baridi kali, anakigeuzageuza kiganjani. Hakuwa na mwengine wa kumuonesha. Kanuni zinanikataza kumkopesha pesa au kufanya naye biashara, na ni sawa, maana mwenye kukudai hawezi kukusikiliza. Ila nilimuonea huruma, wallahi. Kwetu mtu akitoka soba hukuta mama kamuwekea uji, na Ramadhani jirani atamwita kwa futari hata kama alimuibia kuku. Hilo hakuna mafunzo yanayolifundisha.

Binamu yangu sasa anakunywa methadoni, dawa ya hospitali inayotumika badala ya unga, Kidongo Chekundu, kliniki iliyofunguliwa 2015. Wapo wa soba wanaosema huyo bado hajaacha. Wanakosea: njia ya mtu ni yake, na aliyepona kwa njia moja hana haki ya kumfungia mwenzake nyengine. Anafika asubuhi, anakunywa kikombe chake mbele ya muuguzi, anaondoka, hazungumzi na mtu. Nikamsihi atafute mwenzake wa kukaa naye. Akanambia: "Nna wewe."

Kwa maadili ya kazi yangu, ndugu humsaidii. Unamtafutia mtu mwengine. Nimetafuta, kila jina nikimtajia anakataa. Basi Jumapili, saa mbili ya usiku Unguja, kwangu saa saba ya mchana, nampigia.