Bibi Alipolipa Nauli kwa Dala

Kumpeleka bibi Kariakoo asubuhi ukiwa na msimbazi mmoja tu, noti ya elfu kumi, mfukoni ni kutafuta kesi. Tulipanda Mbagala, tukabanana, konda akaja akichezesha sarafu kiganjani: "Anko, nauli. Mia sita mia sita."

Nikatoa msimbazi. Hata hakuupokea. "Asubuhi yote hii? Chenji sina, bro. Jitafute."

Kabla sijajitetea, bibi alishafungua pindo la khanga. Akatoa sarafu mbili za shilingi tano, zile za pembe kumi zenye kichwa cha Mwalimu Nyerere.

"Shika, mwanangu. Dala, na dala. Si gari lenu mnaliita daladala?"

Gari zima likaangua kicheko. Konda alizigeuzageuza, nadhani alidhani ni vifungo vya koti. Mzee mmoja wa siti ya nyuma ndiye aliyesimama na bibi: mwaka 1983, serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria kusaidiana na mabasi ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu hiyo mitaani ikiitwa dala, kutokana na dola. Makonda wakishinda vituoni wakipayuka, "Dala! Dala!" Jina likaganda kwenye gari, nauli yenyewe ikapaa. Mzee alitaka kuendelea hadi enzi za magari ya chai maharage, ila hakuna aliyempa nafasi.

"Sawa, mzee," konda akasema, "lakini hata Mwalimu mwenyewe akipanda leo ni mia sita."

Alipokuwa anazirudisha, gari likaruka tuta, dala moja ikaponyoka. Sarafu ya duara ingebiringika ikaenda zake. Hii ya pembe kumi ilitembea kwa hatua, ti, ti, ti, hadi kwenye tundu la kutu karibu na mlango, ikatumbukia.

"Simamishaaa!" bibi akapiga yowe. Dereva akadhani amekanyaga mtu. Akafunga breki katikati ya barabara, Mtongani, mbele ya trafiki kabisa.

Trafiki hakutaka historia. Kusimama pasipo kituo, faini elfu thelathini. Dereva akamtazama konda, konda akanitazama mimi, mimi na msimbazi wangu tukamtazama bibi.

Naye alikuwa anahesabu kwa vidole. "Elfu thelathini ni dala elfu sita. Mwambieni afande ninayo moja hapa. Ya pili iko chini ya gari, ainame aokote."