Acheni kukopa mashine, anzeni na benchi

Kuna orodha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana hapa Tabora mjini. Inasema "Fungua karakana yako nyumbani", kisha inashusha: msumeno wa umeme, grenda mbili, mashine ya kuranda, mashine ya kuchomelea, kompresa. Chini kabisa kuna namba ya mtu anayekopesha. Benchi halimo. Jiriwa, kile kibano cha chuma kinachofungwa kwenye benchi, halimo. Kinoo hakimo. Imenikera sana, kwa sababu inakoishia panajulikana: kijana anabeba mkopo wa kausha damu, marejesho yanaanza wiki inayofuata, na mashine zinakaa sakafuni kwenye banda la uani kwa kuwa ubao hauna mahali pa kushikwa.

Tazama fundi asiye na benchi anavyokata. Ubao umelala juu ya tofali mbili, ameukanyaga kwa mguu wa kushoto, ameinama, msumeno unapita shubiri moja kutoka kwenye vidole vya mguu. Ubao unacheza, mstari unapinda, anarudia. Akishika msumeno wa umeme katika hali hiyo hiyo, ubao utacheza vile vile, ila safari hii meno yanazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mashine haiponyi ubao usiotulia. Kazi ya useremala, na hata ya vyuma vidogo vidogo, inaanza pale kitu kinaposhikwa kikatulia, na kinachoshika ni benchi zito lenye jiriwa zuri. Hilo unaweza kulijenga mwenyewe kwa mbao sita.

Nasema sita nikimaanisha sita. Za paini, kavu, futi 12 kila moja: mbili za nchi 2 kwa 4, mbili za 2 kwa 6, mbili za 2 kwa 8. Tuko Tabora na mninga ndiyo fahari yetu, lakini usiuweke kwenye benchi. Benchi litapigwa nyundo, litatobolewa, litamwagikiwa gundi. Mninga ni wa kabati la mteja. (Na siku ukinunua mninga wa kazi, nunua penye risiti na alama ya nyundo ya maliasili. Ule wa bei ya kutupwa unaoshushwa usiku utakunyang'anya mbao na faini juu.) Epuka pia mbao za dawa zile za kijani. Nyingi zina shaba, kromiamu na aseniki, na vumbi lake si la kuvuta kila siku. Masalia yake yasiingie jikoni hata kipande kimoja.

Kimo: simama wima na viatu vya kazi, mkono uning'inie. Uso wa benchi uwe usawa wa kifundo cha mkono. Kwa watu wengi ni kati ya sentimita 80 na 86. Vipimo vifuatavyo vinatoa nchi 32, yaani kama sentimita 81; ukiwa mrefu, ongeza kwenye miguu.

Kutoka 2 kwa 4 ya kwanza kata vipande vinne vya nchi 30 na kimoja cha nchi 22. Ya pili itoe vitatu vya nchi 22, vinne vya nchi 12 na vinne vya nchi 6, ubaki na kipande cha kama nchi 5 baada ya msumeno kula njia yake. Kila mguu ni tabaka mbili zilizogandishwa bapa kwa bapa. Ndani ni kipande cha nchi 30. Nje, kuanzia chini, weka cha nchi 6, acha pengo la nchi 6, weka cha nchi 12, acha pengo jingine la nchi 6 hadi juu. Mapengo hayo ndiyo yanayokaliwa na mbao ndefu: 2 kwa 6 zilizokatwa futi 5, mbili za mbele na mbili za nyuma. Kabla hujagandisha chochote, pima upana halisi wa hizo 2 kwa 6, maana mbao ya dukani mara nyingi haifiki nchi 6 kamili, na pengo likiwa pana kuliko mbao mguu utacheza maisha yake yote. Tumia kipande cha mbao yenyewe kama kipimo, siyo futi kamba.

Faida ya mguu wa namna hii ni kwamba uzito wote unabebwa na mbao iliyokalia mbao. Bolti inavuta tu. Tumia bolti za milimita 10, urefu nchi 5, mbili kila kiungo, jumla 16, na washa (zile pete bapa za chuma) pande zote mbili. Zipange mshazari, moja juu kidogo na nyingine chini kidogo, zisikae kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao, la sivyo mbao inapasuka. Vile vipande vinne vya nchi 22 vinafunga miguu pembeni, juu na chini, kwa gundi na skrubu za nchi 4. Toboa njia kwanza, kisha ipake skrubu nta ya nyuki. Nta tunayo, huu ni mkoa wa asali, na skrubu iliyopakwa nta inaingia bila kukatika kichwa.

Kwa nini bolti na siyo misumari? Kwa sababu mbao unayoambiwa ni kavu haijakauka. Ukijenga mwezi wa 2 wakati wa mvua, ikifika mwezi wa 9 jua limeikamua, imesinyaa, msumari umelegea na benchi linayumba. Bolti unaikaza tena kwa spana 17, robo mzunguko, kazi ya dakika tano. Ndiyo sababu mbao za juu pia hazigandishwi. Kata 2 kwa 8 upate vipande vinne vya futi 6. Vitatu vinalala juu na kutoa upana wa futi 2 hivi, cha nne kinakuwa rafu chini. Zifunge kwa skrubu na uzamishe vichwa vyake sentimita moja ndani ili randa isije ikavigusa. Zikisinyaa na kuacha nyufa, unafungua, unasogeza, unafunga.

Kabla ya kukaza bolti za mwisho pima kona kwa kona, mshazari wa kwanza na wa pili. Vikitofautiana, fremu imekaa kama kishada. Isukume kwenye kona ndefu hadi vilingane, ndipo ukaze. Uso wa mbele wa benchi uende sambamba na miguu ya mbele, nchi zinazozidi zibaki nyuma. Hivyo mlango au ubao mrefu unaweza kuusimamisha mbele na kuubana kwenye mguu kwa klampu. Kisha lifunge ukutani kwa vyuma viwili vya pembe. Miguu isiguse sakafu moja kwa moja. Mchwa wetu hawahitaji zaidi ya ufa mmoja wa saruji, kwa hiyo kila mguu ukalie kipande cha jiwe bapa au kigae, na ncha yake ilowe oili chafu kabla.

Sasa jiriwa. Nchi 4 au 5 inatosha nyumbani. Dukani, bana karatasi upande mmoja wa meno, halafu upande wa pili. Ikivutika upande mmoja tu, meno hayakutani sawa, rudisha. Lifunge juu kabisa ya mguu wa mbele, siyo katikati ya benchi ambako mbao inanesa. Taya lisilotembea lipite ukingo wa benchi kidogo ili chuma kirefu kining'inie chini bila kugonga ubao. Wengi wanalirudisha ndani "lisigongwe", kisha hawawezi kubana hata fremu ya dirisha. Yavishe meno yake masalia ya mninga, yanapatikana kwa mafundi wa samani, vinginevyo kila kazi itatoka na alama. Wala usirefushe mkono wa jiriwa kwa bomba: ni chuma cha kalibu, hakipindi, kinakatika.

Baada ya hapo pesa iende kwenye makali. Patasi mpya ya dukani haijanolewa, imechongwa tu. Nunua msasa wa maji namba 240, 400, 1000 na 2000, ulaze juu ya kipande cha kioo kinene cha milimita 6. Anza na mgongo wa patasi mpaka sentimita mbili za mwisho zing'ae bila mistari. Patasi yenye mgongo mbovu haitapata makali hata uinoe mwaka mzima. Kisha ule mteremko: nyuzi 25 hadi 30. Bila kipimo cha pembe, hesabu hivi: mteremko ukiwa na urefu mara mbili ya unene wa chuma, uko kwenye nyuzi 30. Ukitumia mota ya kunolea na ncha ikageuka bluu, chuma kimepoteza ugumu wake. Chovya majini kila sekunde chache, na ile bluu uiondoe yote. Randa ni hivyo hivyo. Pitisha nta chini yake na kwenye bapa la msumeno, uone mkono unavyopumzika.

Grenda. Hapa naomba mnisikilize. Tabia ya kutoa kava la grenda na kufunga sahani ya meno ya kukatia mbao inaondoa vidole vya watu, na wengine inawapiga shingoni. Grenda ndogo ya nchi 4 na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Jiwe lake la milimita 115 linakimbia pembeni kama mita 66 kwa sekunde, na mawe mazuri yameandikwa kikomo cha mita 80. Ukifunga sahani ya nchi 7, milimita 180, kwenye mota hiyo hiyo, pembeni inapita mita 100 kwa sekunde. Halafu meno yakinasa kwenye nyuzi za mbao hayatelezi kama jiwe, yanapanda. Grenda nzima inaruka kuelekea kwako na ile swichi ya kujifunga yenyewe inabaki imewashwa. Msumeno wa mkono ulionolewa unakata 2 kwa 4 kwa muda mfupi kuliko muda wa kutafuta soketi. Hakuna kazi ya nyumbani inayostahili kidole. Grenda ni ya chuma, kava lake limefungwa, miwani usoni, jiwe lisilo na ufa. Angalia pia ile pete ya chuma katikati ya jiwe: mawe yenye viwango yana tarehe ya mwisho wa matumizi, maana gamu inayoyashika huzeeka.

Umeme: njia yake peke yake kutoka kwenye brekaa, waya wa milimita za mraba 2.5 na wa tatu wa ardhi kweli kweli, siyo wa pambo. Ekstensheni ikunjuliwe yote kabla ya kuwasha, ikibaki imeviringwa inapata joto na kuyeyuka. Taa mbili, kushoto na kulia, ili mkono usijitie kivuli. Barakoa ukipiga msasa mninga. Vumbi lake linajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua. Wakati wa mvua, futa vyuma kwa kitambaa chenye oili kila jioni.

Nakubali, bila furaha, kwamba mashine zina mahali pake. Mwenye oda ya madawati hamsini hawezi kuranda yote kwa mkono, atachelewa na atakonda. Lakini hata huyo hahitaji kumiliki mashine. Mbao unaipeleka kwa wenye mashine ya kupasua na kuranda, unalipa kwa mbao, unarudi nayo imenyooka pande nne. Mwezi usio na kazi hulipi kitu. Mkopo haukuulizi kama mwezi huu kulikuwa na kazi.

Basi kama pesa ni kidogo, igawe hivi. Nusu iende kwenye benchi na jiriwa. Robo iende kwenye msumeno wa mkono, randa, patasi mbili (nusu nchi na nchi moja), nyundo, pembemraba (skwea), futi na misasa ya kunolea. Robo ya mwisho iweke, usiiguse mpaka kazi mbili tatu ziwe zimelipwa. Cha kwanza cha umeme kitakachokuja ni drili, siyo msumeno wala grenda. Kabla hujaitolea pesa, omba iwashwe dukani na uchungulie matundu ya nyuma: cheche ndogo za bluu ni kawaida, duara zima la moto wa njano ni kaboni mbovu (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota) au mota iliyochoka. Muulize muuzaji kama anazo kaboni za akiba za drili hiyo hiyo. Kama hana, nenda duka la pili.